Pombe Bila Kikombe: Kisa cha Mpasua Mbao wa Mafinga

Mwanamume wa miaka 41, mpasua mbao katika viunga vya Mafinga, baba wa watoto watatu na mwimbaji wa kwaya katika kanisa linalokataza pombe, aliletwa hospitalini saa tatu usiku, Jumapili moja ya mwezi Septemba, akiwa hawezi kusimama bila kushikwa. Ulimi ulikuwa mzito, macho mekundu, anacheka na mara analia, na mdomo wake ulinuka pombe kiasi kwamba aliyempokea aliandika neno moja tu kwenye nafasi ya tatizo la mgonjwa: amelewa. Mchana kutwa alikuwa kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa dada yake, ambako alikula sahani mbili za pilau, viazi vya kukaanga na keki, akanywa chupa nne za soda. Mke wake, aliyekaa naye meza moja tangu mwanzo hadi mwisho, alisema hapakuwa na kitu kingine kilichopita kinywani mwake. Hakuna aliyemjibu.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu ni wa kufundishia. Nimemjenga kutokana na yale yaliyoandikwa kuhusu wagonjwa wa kweli wa nchi nyingine, nikamweka Mafinga kwa sababu ndiko ninakojua watu wanakula nini, wanakunywa nini na wanasemana vipi. Tarakimu za vipimo vyake ni za kubuni, lakini nimezipanga zisivuke kile ambacho mwili wa binadamu unaweza kukifanya. Miaka, nchi na mambo ya kitabibu nitakayoyataja nje ya habari zake binafsi ni ya kweli.

Usiku ule alifanyiwa yaliyostahili kufanyiwa. Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida, kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, kichwani hapakuwa na jeraha wala uvimbe, na joto la mwili lilikuwa sawa. Pombe katika damu ilisoma miligramu 118 kwa mililita 100. Alilazwa ubavu, akaangaliwa asijitapikie, akapata fahamu zake alfajiri, akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na ushauri wa kuacha kunywa. Ilikuwa mara ya tatu kupewa ushauri huo ndani ya miezi mitano.

Sioni kosa katika neno aliloandika mpokeaji, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amelewa kweli na mashine ilithibitisha. Tatizo liko kwenye neno la pili, ambalo halikuandikwa popote ila kila mtu alilisoma: amekunywa. Maneno haya mawili yamekaa pamoja katika lugha yetu kwa muda mrefu mno kiasi kwamba tunayachukulia kuwa moja, na kwa wagonjwa karibu wote hatukosei. Kisa hiki kinahusu mtu mmoja ambaye kwake yalitengana: alilewa bila kunywa, kwa pombe iliyotengenezwa ndani ya mwili wake mwenyewe.

Historia ilipochukuliwa upya, safari hii kwa saa nzima na mke akiwepo, ilianza mbali na tumbo. Mwezi Machi msumeno ulimkata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kidonda kiliota usaha, na kwa wiki tano mfululizo alitumia antibiotiki za aina tatu, moja ikiisha anaanza nyingine. Ya kwanza aliandikiwa, mbili zilizofuata alinunua mwenyewe duka la dawa kwa kuonyesha pakiti ya zamani. Vidonge vilimletea kiungulia, akaanza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na kidole kilipopona hakuiacha. Mwishoni mwa Aprili tumbo likaanza kujaa gesi kila baada ya chakula. Kisha ukaja usingizi wa ghafla saa za jioni, kichwa kizito asubuhi kama cha mtu aliyeamka na pombe ya jana, na hali aliyoieleza mwenyewe kuwa ni ukungu wa Mafinga umeingia ndani ya fuvu. Mwezi Mei alianguka mara ya kwanza njiani akitoka kazini. Msimamizi wake alimwondoa kwenye mashine ya kupasulia akampa kazi ya kupanga mbao, uamuzi ambao mgonjwa aliuona kuwa ni aibu, ila mimi nauona kuwa ndio ulioviokoa vile vidole tisa vingine.

Majirani walikuwa na maelezo yao, na maelezo hayo yalikuwa na mantiki. Mwezi Mei walisema ni ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi una msimu wake. Mianzi inagemwa wakati wa mvua, na kiangazi kikikaza hupati. Mwanamume huyu alilewa Julai, akalewa Agosti, na ulanzi ulikuwa umekwisha. Wakasema basi ni komoni, pombe ya mahindi, ambayo inapikwa mwaka mzima. Mke akapita vilabu vyote vya jirani akiuliza, na wauzaji wakamwambia kwamba mumewe hajakanyaga. Wakasema sasa ni viroba, pombe kali ya vipakiti, ingawa viroba vilipigwa marufuku nchini tangu Machi 2017. Mzee mmoja wa ukoo aliona kwamba mtu asiyenywa kisha akalewa amefanyiwa jambo na watu, na kwa kweli, kati ya wote, mzee huyo peke yake ndiye aliyeanzia kwenye dhana kwamba mgonjwa anasema kweli.

Jambo lililogeuza historia nzima lilitajwa kwa bahati, karibu na mwisho, mke alipokuwa anaeleza jinsi kanisa lilivyomsaidia. Mwezi Agosti wazee wa kanisa walimwita kwa maombi ya kufunga siku tatu kwa maji matupu, akilala kanisani pamoja na wengine. Siku ya pili na ya tatu alikuwa mzima kabisa: macho meupe, maneno yamenyooka, tumbo limetulia. Kanisa lilishangilia. Alifungulia kwa uji wenye sukari na chai na mkate, na jioni iliyofuata, baada ya ugali, akaanguka tena, jambo ambalo wengi walilichukua kuwa ushahidi kwamba amerudia chupa. Tabibu anayesikia habari hii hana haja ya kubishana na maombi ya mtu. Anachopaswa kukisikia ni kwamba chakula kilipoondolewa dalili ziliondoka, kiliporudishwa zikarudi, na kwamba katika siku zote hizo mgonjwa alikuwa mbele ya macho ya watu wengi. Hicho ni kipimo, tena kilichofanywa bila gharama.

Ugonjwa unaoshukiwa hapa ni ule ambao utumbo wenyewe unatengeneza pombe, kwa Kiingereza auto-brewery syndrome. Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini maelezo yake si magumu, kwa maana tumeuona mchakato huu tangu utotoni. Mgema anakata ncha ya mwanzi mchanga, anafunga mbeta, na utomvu unadondoka humo ukiwa mtamu, wa kunywesha hata mtoto. Hakuna anayetia kitu. Chachu zimo tayari, kwenye kidonda cha mwanzi na kwenye mbeta ya jana, na kadiri saa zinavyokwenda utamu unapungua na ukali unapanda. Kinachohitajika ni sukari, chachu, ujoto kidogo na muda. Komoni inahitaji hatua moja zaidi, kwa sababu unga wa mahindi ni wanga na chachu nyingi haziwezi kuula wanga moja kwa moja. Ndiyo maana mpishi huweka kimea, ambacho huukatakata wanga kuwa sukari. Ndani ya mwili kazi ya kimea inafanywa na mate na majimaji ya kongosho. Ukimweka fangasi wa chachu kwa wingi katika utumbo wa mtu aliyekula ugali, umekamilisha mahitaji yote ya mtungi.

Fangasi wanaotajwa mara nyingi katika visa vilivyochapishwa ni Saccharomyces cerevisiae, ambaye ndiye hamira ile ile ya maandazi, na jamii ya Candida: albicans, glabrata na wengine. (Maandazi yenyewe hayana hatia, mafuta ya moto huiua hamira.) Bakteria nao wamo: mwaka 2019 watafiti wa China walieleza aina za Klebsiella pneumoniae zenye uwezo mkubwa wa kutengeneza pombe utumboni, wakazihusisha na mafuta kwenye ini la watu wasiokunywa. Kila mmoja wetu ana chembe za pombe zinazozalishwa tumboni mwake kila siku, ila ni kidogo mno, na damu inayotoka utumboni hupita kwanza kwenye ini, ambalo huzimeng'enya kabla hazijafika kwenye ubongo. Asidi ya tumbo huwaua fangasi wengi wanaomezwa, mwendo wa utumbo huwasukuma chini, na bakteria wema wanawanyima nafasi na chakula. Mgonjwa wetu aliwafyeka bakteria kwa wiki tano za antibiotiki, akaizima asidi kwa omeprazoli kwa miezi, na akaendelea kula chakula cha wapasua mbao, yaani mlima wa ugali mara mbili kwa siku na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Simlaumu, bali naeleza jinsi shamba lilivyolimwa.

Afrika Mashariki haiko nje ya historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1948 madaktari waliokuwa Uganda waliandika kuhusu mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyepasuka tumbo, ambaye tumboni mwake walikuta majimaji yenye povu na harufu kali ya pombe. Kuanzia miaka ya 1950 Wajapani wakachapisha visa vya watu wazima waliolewa baada ya kula wali, na wao ndio waliotoa maelezo ya mwanzo yenye utaratibu. Mwaka 2013 kilichapishwa kisa cha mgonjwa wa Texas, Marekani, mwenye miaka 61, na mwaka 2019 cha mwingine mwenye miaka 46 aliyetibiwa New York, ambaye matatizo yake yalianza baada ya kumeza antibiotiki kwa ajili ya jeraha la kidole gumba. Msomaji atatambua nilikokitoa kidole cha mpasua mbao. Mwaka 2024 madaktari wa Toronto walieleza mwanamke wa miaka 50 aliyekwenda idara ya dharura mara saba katika miaka miwili kabla mtu hajafikiria utumbo.

Sasa hesabu, kwa kuwa hapa ndipo shaka halali inapoanzia. Gramu 180 za glukosi zikichachuliwa zote hutoa gramu 92 za pombe na gramu 88 za kaboni dayoksaidi, na hiyo gesi ndiyo iliyomjaza tumbo tangu Aprili. Mtu mwenye kilo 66 kama huyu, akiwa na miligramu 118 kwa mililita 100 za damu, ana zaidi kidogo ya gramu 50 za pombe mwilini kwa wakati huo, karibu sawa na chupa mbili na nusu za bia za nusu lita zenye nguvu ya asilimia 5. Wakati huo huo ini linaondoa takribani gramu 7 kila saa. Kwa saa sita tangu chakula cha mchana, ini limeshakula gramu 40 hivi, kwa hiyo kiwanda kilipaswa kutoa kama gramu 95, na kwa hilo kilihitaji karibu gramu 190 za sukari. Pilau, viazi, keki na soda nne vina sukari na wanga wa kiasi hicho mara mbili. Kwa hiyo inawezekana, ila inadai kwamba nusu ya kila alichokula kiwaendee fangasi kabla utumbo haujakinyonya. Hilo ni dai kubwa, na anayetilia shaka visa vyenye viwango vya miligramu 200 na zaidi hafanyi hivyo kwa ukaidi. Kadiri tarakimu inavyopanda, ndivyo mgonjwa anavyohitaji kuchunguzwa kwa ukali zaidi.

Kabla ya kufika huko yapo magonjwa yanayopaswa kuondolewa njiani. Kwenye mikoa yetu nisingemwacha mtu anayeanguka bila kufikiria kifafa kinachotokana na mayai ya tegu wa nguruwe kuota ubongoni, kwa kuwa minyoo hiyo imezoeleka Nyanda za Juu Kusini kuliko tunavyopenda kukiri. Nisingeacha kupima VVU, kwa sababu Iringa na Njombe zimo miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi nchini, na kinga iliyoshuka huwapa fangasi mlango. Kisukari kingebadilisha picha yote. Ini lenye makovu linaweza kumchanganya mtu akili na kumnyima uwezo wa kuondoa hata pombe ndogo. Kwa mpasua mbao wetu vyote hivi vilikuwa salama. Likabaki lile linalopaswa kutajwa bila kumung'unya: kwamba anakunywa kwa siri. Ndilo jibu la kawaida kwa mtu mwenye pombe kwenye damu, na tabibu anayeliruka kwa sababu mgonjwa ni mlokole na ana sura ya upole amefanya kosa lile lile la aliyemhukumu mlangoni, akitokea upande wa pili.

Watu huuliza kama hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kutenganisha pombe iliyonywewa na iliyotengenezwa tumboni. Kwa matumizi ya kila siku, hakuna. Molekuli ni ile ile. Vipimo vinavyofuatilia nyayo za pombe kwenye mkojo au damu kwa siku kadhaa vinafuatilia pombe yenyewe, havijui ilitoka wapi. Kuuliza maswali hakutoshi, na kiapo hakitoshi. Kinachobaki ni kumkalisha mtu mahali ambapo hawezi kupata pombe, kumlisha sukari iliyopimwa, na kuangalia.

Ndivyo ilivyofanyika, na naeleza kwa urefu kwa kuwa ni hapa kisa kinaposimama au kuanguka. Alilazwa chumba cha peke yake jioni. Mfuko wake ulifunguliwa mbele yake, nguo zake zikabadilishwa kwa za wodi, na chupa ya kitakasa mikono iliyoning'inizwa ukutani ikaondolewa, maana ndani yake mna pombe ya kutosha kumlewesha mtu na kuharibu kipimo. Dawa ya kusukutulia iliondolewa pia. Mke aliomba akae naye usiku kucha kama shahidi. Alikataliwa kwa heshima. Nakumbuka namna mfano huu ulivyowakera wanafunzi fulani nilipousimulia, wakiona kwamba mama wa watu amedhalilishwa. Nikawauliza kama ushahidi wake ungempa mumewe nafuu yoyote mbele ya msimamizi wa kiwanda au mbele ya wazee wa kanisa. Mwanamke huyo alikuwa amesema kweli miezi mitano bila kusadikiwa. Kilichohitajika ni ushahidi ambao haumtegemei yeye. Wauguzi walikaa zamu, na hata chooni alisindikizwa.

Asubuhi, baada ya kufunga usiku, alipewa gramu 200 za glukosi katika maji. Kuzimeza ni kazi, na alitaka kutapika. Damu ilichukuliwa kabla ya kunywa, kisha baada ya nusu saa, saa 1, 2, 4, 8, 16 na 24. Mkono ulisafishwa kwa sabuni na dawa ya ayodini isiyo na spiriti, kwa sababu pamba ya spiriti kwenye ngozi huweza kuzua mabishano yasiyo na mwisho. Damu iliwekwa katika chupa zenye kofia ya kijivu, zenye floridi, zikajazwa hadi juu, zikafungwa na kuhifadhiwa kwenye baridi. Floridi ina kazi maalumu hapa, ya kuzuia uchachukaji: ikiwa sampuli ina fangasi na sukari, bila floridi inaweza kuendelea kuchachuka ndani ya chupa ikiwa safarini, na majibu yakaonyesha pombe ambayo haikuwahi kuwa ndani ya mgonjwa. Kosa hilo hutokea kwa urahisi zaidi kwenye mkojo wa wenye kisukari. Kwa kanda yetu ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mbeya, na kipimo kinachofaa ni cha kromatografia ya gesi, kinachoitambua pombe ya kunywa kwa jina lake bila kuichanganya na kemikali nyingine.

Sampuli ya kabla ya kunywa ilisoma sifuri, na hili ni la muhimu kama yale yaliyofuata: alikuwa ameingia chumbani bila pombe. Nusu saa, sifuri. Saa 1, sifuri. Saa ya pili miligramu 9, ya nne 31, ya nane 48, ya kumi na sita 12, na siku ya pili asubuhi sifuri tena. Mtu aliyemeza pombe kwa siri huonyesha kilele ndani ya saa moja au mbili, kisha mteremko ulionyooka. Hapa mlima ulipanda polepole kwa saa nane, kwa mwendo wa kitu kinachochachuka. Kwenye saa ya sita muuguzi wa zamu aliandika kwamba mgonjwa ameanza kuimba. Wimbo ulikuwa wa kwaya, aliongeza, na sauti ilikuwa nzuri ila maneno ya ubeti wa pili yalimpotea.

Majimaji ya sehemu ya juu ya utumbo mwembamba yalichukuliwa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa kinywani, na kuoteshwa, yakatoa Candida albicans kwa wingi. Choo nacho kilitoa Candida, ila hilo peke yake lisingethibitisha chochote. Watu wengi wazima wanao fangasi hao kwenye choo na hawajawahi kulewa kwa ugali. Kuotesha hakukuwa kwa ajili ya kuthibitisha ugonjwa, uliokwisha kuthibitishwa na saa 24 za damu, bali kwa ajili ya kuchagua dawa.

Dawa ilikuwa flukonazoli kwa wiki tatu, huku ini likipimwa. Tuna bahati ya ajabu kwamba dawa hii inapatikana hadi hospitali za wilaya, kwa sababu ya matibabu ya homa ya uti wa mgongo ya fangasi kwa wenye VVU. Ingekuwa aina sugu kama glabrata, hadithi ingekuwa ngumu. Hata bila glabrata, mgonjwa aliyetibiwa New York alianza na dawa ya kumeza, dalili zikamrudia alipokula piza na soda bila kuwaambia madaktari, ndipo akahitaji dawa ya sindano. Mgonjwa mmoja wa Ubelgiji aliponeshwa kwa kuwekewa utumboni bakteria kutoka kwenye choo cha mtu mwenye afya. Kwa mpasua mbao wetu, omeprazoli ilisimamishwa siku ile ile alipoanza flukonazoli.

Ngumu ilikuwa chakula. Katika maandiko ya kitabibu sentensi ni fupi: mgonjwa apunguziwe wanga na sukari kwa wiki kadhaa. Mtu aliyeandika hivyo hajawahi kukaa jikoni Mufindi. Ugali, viazi, wali, makande, uji, chai. Ondoa hivyo na mezani panabaki bakuli la mboga na watu wanaokutazama. Mpasua mbao aliuliza kwa upole kama basi atakuwa anakula nini, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile. Majibu yalitafutwa pamoja na mke wake, kwa bei za sokoni. Parachichi, ambalo wilaya hii inalo kwa magunia, likawa nguzo: moja na nusu kila mlo. Mayai mawili asubuhi. Kabichi, chainizi na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga na mafuta ya alizeti. Dagaa, na nyama pale mfuko uliporuhusu. Maharage kidogo, maana nayo yana wanga. Chai bila sukari, jambo aliloliona kuwa adhabu kubwa kuliko chumba cha wodi. Alipungua kilo nne. Wiki ya tano alirudishiwa ugali wa ukubwa wa ngumi, baadaye ngumi mbili. Mtindi aliruhusiwa, ingawa ushahidi kwamba bakteria wake wanazuia ugonjwa kurudi ni dhaifu, na aliambiwa hivyo.

Swali la sheria liliulizwa na shemeji yake, ambaye ni bodaboda na analijua jambo la kipima ulevi. Kikomo cha kawaida kwa dereva nchini ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Usiku ule wa kipaimara mgonjwa angekuwa juu ya hapo akiwa hajagusa tone. Mwaka 2024 mahakama ya Bruges nchini Ubelgiji ilimwachilia mwanamume wa miaka 40 aliyekamatwa akiendesha akiwa na pombe, baada ya kuthibitishwa kwamba ana ugonjwa huu. Kwa kejeli ya maisha, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia. Huo ni uamuzi wa Ubelgiji juu ya mtu aliyekuwa hajui hali yake. Mgonjwa anayejua hana utetezi huo machoni pangu, kwa kuwa mti, mtembea kwa miguu na msumeno havitofautishi pombe ya utumbo na ya kilabu. Aliambiwa asiendeshe pikipiki wala asisogelee mashine mpaka kipimo kirudiwe, na barua iliyoandikwa kwa msimamizi wake, kwa ridhaa yake, ilisema mambo mawili: kwamba hanywi, na kwamba asirudishwe kwenye msumeno bado.

Kipimo cha glukosi kilirudiwa wiki ya nane, kwa masharti yale yale, chumba kile kile. Sampuli zote nane zilisoma sifuri. Aliruhusiwa kurudi kazini, na kwaya ikampa nafasi yake baada ya mzee wa kanisa kuja mwenyewe hospitalini kuuliza, kwa njia ya kuzunguka sana, kama karatasi ile ina muhuri.

Alipewa pia daftari lenye jina la ugonjwa kwenye ukurasa wa kwanza, na maelekezo kwamba asimeze antibiotiki yoyote, hata ya kununua, kabla mtu hajalisoma daftari hilo. Mwezi wa tano baada ya matibabu alikuja akiwa ameshika shavu, jino limeoza, na mkononi ana amoksilini aliyokwisha kuinunua ila hajaifungua. Jino liling'olewa, usaha ukatoka wenyewe, dawa ikaonekana haihitajiki. Aliomba duka wairudishe pakiti. Walikataa.